Jina Nililolifuta Ndani ya Spika

Kerubo mwanangu,

Mama yako amemaliza maagizo yote ya dunia. Nimemsikia tangu asubuhi: blanketi, chumvi, usilale dirisha likiwa wazi, usikose kanisa Jumamosi, usimwazime mtu sufuria yako. Hakuniachia hata moja, kwa hivyo mimi nitaandika yale ambayo hakuna aliyeniomba niyaandike. Niko karakana, nimeuegesha mlango ili wateja wadhani nimetoka. Jua halijazama bado, na kutoka hapa nawasikia mkicheka kwa sababu ya lile begi linalokataa kufunga.

Najua ungemwambia baba yako, si uje tu tuongee, tata. Lakini unanijua. Nikitaka kukuambia jambo la moyoni naishia kuuliza kama umekula. Kwenye karatasi angalau siwezi kukuuliza hivyo, kwa sababu huwezi kunijibu.

Kesho asubuhi unatoka Ikonge kwenda Eldoret kusomea uhasibu. Nimewaambia watu wote hapa sokoni kwamba binti yangu ana kichwa cha hesabu, hata wale ambao hawakuuliza, na najivunia kweli. Ila kuna kitu kinaninyima raha. Sijui kama umechagua hesabu kwa sababu unazipenda, au umezichagua kwa sababu nilikufukuza kwenye kazi uliyoipenda kwanza. Sikukufukuza kwa mdomo. Nilifanya baya kuliko hilo, na sote wawili tunalijua, na kwa miaka miwili tumepita kando yake kama watu wanaokwepa kinyesi cha ng'ombe njiani, kila mmoja akijifanya anaangalia mawingu. Sitaki uondoke kabla sijalitaja.

Niruhusu nianze mbali kidogo, maana kosa langu kwako lina kaka yake mkubwa.

Ulipokuwa mtoto wa chekechea, Mwalimu Nyakundi wa Nyansiongo alinipa kazi ya kwanza ya maana. Baba yake alikuwa amenunua sehemu ya shamba la mzungu pamoja na nyumba, na mle ndani mzungu aliacha gramafoni na jozi mbili za spika, kubwa za sebuleni na ndogo za chumbani. Zile kubwa zilikuwa zimeanza kukoroma. Mwalimu akaniambia, zifufue. Mimi nikasikia, ziongeze nguvu.

Unajua kwetu spika nzuri ni ipi. Ni ile inayotikisa mabati. Kwenye matanga, harusini, kwenye harambee ya kanisa, mtu akisimama mita hamsini anataka kusikia besi ikimgonga kifuani, la sivyo ataambia watu fundi hajui kazi. Mimi nami ndivyo nilivyojua. Nikang'oa zile wufa za zamani za kutoa besi, zenye koni ya karatasi nyepesi, nikazitupa. Nikachukua msumeno nikapanua matundu, nikaingiza wufa mpya zenye sumaku nzito kama mtoto wa miezi sita. Mbao ilikuwa na rangi ya asali na mistari yake ya asili, lakini kwangu ilionekana kuukuu, nikaipaka rangi nyeusi. Halafu, nisamehe, nikaweka na taa za buluu zinazowaka kwa mdundo.

Nikazipeleka Nyansiongo nikiwa nimevaa shati la Sabato. Mwalimu akaweka kaseti ya kwaya ya kanisa lao, ile ambayo baba yake aliimba sauti ya chini kabla hajafariki. Akasikiliza nyimbo mbili akiwa ameinamisha kichwa. Taa zangu za buluu zikawaka na kuzima usoni mwake. Mwishowe akasema, "Fundi, ngoma naisikia. Sasa watu wameenda wapi?"

Nikamwambia atazoea. Hakugombana nami. Alinipa chai, akanisindikiza hadi getini, akanishukuru kwa kutembea mbali. Nikarudi nyumbani nikimwambia mama yako kwamba wasomi ni watu wagumu kuridhisha.

Aliyenifungua masikio ni wewe. Ulikuwa na miaka sita, umeketi kwenye kreti ya soda hapa hapa, nami napima redio moja ya zamani yenye kispika cha karatasi kisichozidi kisahani cha chai. Nilikuwa nimeweka kanda ya kwaya. Ukaniambia, bila hata kuacha kuchezea nyaya, "Tata, yule mama wa mwisho ana mafua." Nikacheka. Halafu nikarudisha kanda, nikasikiliza. Nikarudisha tena. Mara ya tatu nikabandika sikio kwenye koni, nikamsikia, mwanamke mmoja pembeni kabisa, pua zimeziba, anaimba hivyo hivyo. Nikahamisha waya hadi kwenye spika zangu kubwa nilizojengea harusi. Mama wa mafua hayupo. Alikuwa amemezwa na besi.

Hapo ndipo nilipoelewa swali la Mwalimu. Baba yake alikuwemo ndani ya zile spika, na mimi nilikuwa nimemtoa kwa msumeno. Nilikwenda kule nyuma tunakochomea takataka nikachakura na kijiti, nikidhani labda zile koni zimebaki. Mama yako akaniuliza natafuta nini, nikasema msumari.

Tangu siku hiyo sigusi kitu cha mtu kabla sijakisikiliza siku mbili. Wateja wengine huudhika, wanadhani mimi ni mvivu, na wewe mwenyewe ulikuwa ukinitania kwamba nawalaza wagonjwa wodini bila dawa. Nakuambia haya kwa sababu huko uendako utakutana na watu wenye hamu ya kukuongezea besi. Watakuambia uongee kwa nguvu zaidi, uvae zaidi, ucheke zaidi. Wengine watakuwa na nia njema kabisa, kama mimi. Wasikilize, ila msumeno usiwape.

Sasa nije kwenye lile lenyewe.

Ulipokuwa kidato cha tatu, Mwalimu alikuja hapa na zile spika ndogo za chumbani zimefungwa kwenye gunia. Panya walikuwa wamezitembelea, na ule ukingo wa sponji unaoshika koni ulikuwa umeoza, ukiugusa unabaki unga mweusi kidoleni. Nilimwogopa, nikujulishe. Miaka yote hiyo tulikuwa tukikutana sokoni tunasalimiana tu. Akaziweka juu ya meza akasema, "Huko Kisii mjini wananiambia nitupe. Nimekuletea wewe kwa sababu wewe ulishakosea mara moja. Labda saa hii unajua."

Sijawahi kupewa kazi kwa heshima kubwa kuliko hiyo, na sijawahi kuogopa kazi hivyo. Niliagiza kingo mpya kutoka Nairobi, hazikutosha. Nikaagiza nyingine, kubwa mno. Kipimo kile hakitengenezwi tena. Spika zikakaa mezani mwezi mzima, nami kila asubuhi nazifuta vumbi kama mtu anayefanya kazi.

Wewe ndiye uliyezifufua. Nataka niandike vile ulivyofanya, hatua kwa hatua, kwa sababu nilikunyima kulisikia hilo likisemwa.

Ulichukua shuka ya pamba iliyochakaa ukaikata kwa mshazari, si kwa kufuata uzi. Nilipokuuliza kwa nini unaharibu kitambaa, ukaniambia mama hukata hivyo kola za gauni, kwa sababu nguo iliyokatwa mshazari inanyumbulika pande zote. Mimi nimeishi na fundi cherehani miaka ishirini na sikuwahi kuuliza. Ukazungushia kamba ya katani kwenye mfuniko wa sufuria, ukakilaza kitambaa juu yake, ukakipaka ile solushini ya kuziba pancha za baiskeli, nyepesi, ukaacha ikauke, ukapaka tena, mpaka kikashika umbo la mviringo ulioinuka. Ukakikata. Kikaingia kwenye koni utadhani kilizaliwa nayo. Halafu ili koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, ikae katikati ya sumaku bila kugusa, ukachukua filamu ya eksirei ya mguu wa mama yako ukaikata vipande vyembamba ukavichomeka kuizunguka. Mama yako alipojua alisema mguu wake sasa umeingia kwenye redio. Alikasirika siku nzima, na alicheka wiki nzima.

Tulipowasha, kulikuwa na jambo jingine ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nilikuuliza kama twita zinalia, zile ndogo za sauti za juu, nikijifanya nakupima. Ukweli ni kwamba sikuwa nazisikia. Miaka ya kusimama mbele ya spika za matanga imenila masikio, na sauti za juu zilikuwa zimeanza kuniacha. Ukasema, zinalia, tata, ila ya kushoto iko chini kidogo. Ukabadilisha kapasita moja kuukuu inayopitisha sauti hizo, zikalingana. Mimi nikaitikia kwa kichwa kama hakimu. Sikuwa nimesikia tofauti yoyote.

Kisha ukafanya nilivyokufundisha. Fundi akifunga spika huandika jina lake kwa penseli upande wa ndani wa ubao wa nyuma, ili atakayeifungua baadaye ajue ni mkono wa nani uliopita humo. Katika zile spika tulikuta jina la mtu wa kwanza aliyeziunda huko Ulaya, herufi zimelala upande. Wewe ukaandika chini yake: Kerubo, Ikonge.

Nililiona kesho yake, ukiwa shuleni. Nikachukua msasa nikalifuta. Nikaandika langu.

Nilikuwa na sababu zangu, na zilikuwa nyingi. Nilijiambia Mwalimu ataogopa akijua kazi imefanywa na mtoto wa shule. Nilijiambia kazi ya karakana ni ya mwenye karakana, kila mtu hapa kwetu anajua hivyo. Nimekulia kwenye shamba ambalo majani ya chai yalichumwa na mama yangu maisha yake yote, mvua na jua, akayabeba mgongoni mpaka kituoni, na yakapimwa kwa jina la baba yangu. Sikuwahi kumsikia mtu akiuliza. Hata mama hakuuliza. Nilidhani mambo ndivyo yalivyo.

Lakini hizo zilikuwa sababu za kujifunika. Sababu yenyewe ni kwamba nilitaka Mwalimu aniangalie mimi. Nilitaka aone kwamba yule mtu wa taa za buluu amekuwa fundi. Na niliona wivu, Kerubo. Niliona masikio yangu yanakwisha na yako yanafunguka, nikamwonea wivu mtoto wangu mwenyewe. Ni aibu kuiandika, lakini ni nyepesi kuliko kuendelea kuibeba.

Siku aliyokuja ilikuwa Jumapili, nawe ulikuwepo, umeshika bisibisi. Tukaweka kaseti ile ile. Mwalimu akavua kofia. Baba yake alipoingia, ile sauti ya chini, yenye kukwaruza kidogo, Mwalimu alikaa chini kwenye kreti yako na machozi yakamtoka wala hakuyafuta. Nikafungua mgongo wa spika moja kumwonyesha kazi ya ndani, nawe ukasogea kuangalia. Ukaona jina. Nilikuona ukiliona.

Kisha akauliza, "Hii kazi imefanywa na nani?"

Nikasema, "Ni mimi, Mwalimu."

Uliweka bisibisi mezani, ukamsalimia Mwalimu kwa mikono miwili kama tulivyokulea, ukaenda nyumbani. Jumapili iliyofuata hukuja karakana, ukasema una mitihani. Iliyofuata pia. Baadaye hukusema chochote, ulikuwa tu unaniletea chakula mchana na kurudi, na kila mara uliniuliza kwa adabu kama naendelea vizuri. Ile adabu ndiyo iliyoniumiza. Ningependa ungenitukana kidogo.

Mama yako aliniuliza mara moja tu, akiwa anapiga pasi, nilimfanyia nini mtoto. Nikamjibu kwamba wasichana wakikua hubadilika. Akaendelea kupiga pasi, na hadi leo hajaniuliza tena, jambo ambalo kwa mama yako si kawaida.

Nisamehe, mwanangu. Sikuandikii hivi ili unihurumie kwa sababu ya masikio, wala ili uache uhasibu. Ukizipenda hesabu, zipende kwa moyo wako wote, nami nitaendelea kuwachosha watu sokoni kwa kukusifu. Nataka tu ujue kwamba hukuwa mbaya kwenye kazi hii. Ulikuwa bora kuliko mimi, ukiwa na miaka kumi na saba, ukiwa na shuka na mfuniko wa sufuria. Nimefanya kazi na mafundi wengi tangu Kenyenya hadi Kisii mjini, na sijaona mkono kama wako. Ningelisema siku ile, labda leo ungekuwa unaenda Eldoret vile vile, lakini ungekuwa unaenda kwa kuchagua.

Jana, nilipokuambia naenda kununua waya, nilienda Nyansiongo.

Nilimkuta Mwalimu barazani, amezeeka, anawaangalia ng'ombe wakikamuliwa na kutoa maoni ambayo mkamuaji hakuyahitaji. Nilikataa chai mpaka niseme, na unajua kukataa chai pale ni jambo zito, akajua kuna kitu. Nikamwambia yote. Mshazari, solushini, mguu wa mama yako, kapasita, msasa. Nilimwambia pia kwamba siku ile sikuwa nasikia zile sauti za juu alizokuwa akinishukuru kwazo.

Akawageukia tena ng'ombe, nami nikaanza kuwaangalia. Halafu akasema, "Kwa hivyo miaka miwili, kila Sabato, nimekuwa nikimwombea mtu ambaye si yeye."

Nikasema ndiyo, Mwalimu.

"Basi hayo maombi nitayahamisha," akasema. "Wewe utatafuta yako."

Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. Lakini alinyanyuka akaniongoza ndani, tukazitoa spika kwenye rafu, nikafungua skrubu moja moja. Nikalifuta jina langu kwa msasa ule ule niliotumia kwa lako, nilikuwa nimeubeba mfukoni. Mwalimu akaniletea penseli. Nikaikataa. Nilifikiria njia nzima kwamba nikifika nitaliandika jina lako vizuri, kwa herufi kubwa, na nilipofika nikaona nikiandika mimi nitakuwa nimekushikia kalamu tena. Nikafunga ubao ukiwa mtupu. Tukasikiliza wimbo mmoja, kisha akaniruhusu kunywa chai.

Aliponisindikiza getini ndipo alipotaja gramafoni ya mzungu. Bado iko chumbani, amplifaya yake ya kukuza sauti ni ya zile valvu za kioo za zamani zinazowaka kama taa, haijawahi kuguswa na fundi yeyote, na yeye ameapa haitaguswa na yeyote ambaye yeye haijui kazi yake. Akaniuliza kama wewe ungekubali kuiangalia likizoni. Alisema hana haraka, ila usikawie sana, kwa sababu yeye si kijana.

Nilifungua mdomo kumwambia utakuja Desemba. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikaufunga, Kerubo, na sidhani nimewahi kufanya kazi ngumu kuliko hiyo. Nikamwambia nitakuletea swali, na jibu atalipata kwako.

Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Ukitaka kukubali, mpigie. Ukitaka kukataa, mpigie vile vile, umwambie una hesabu zako. Mimi sitakuuliza umemjibu nini, na mama yako nitajaribu kumzuia. Lakini simu yake ni ya kizamani na huwa hasikii mara ya kwanza, lazima ataanza kwa kuuliza nani anaongea. Mwambie jina lako, na kama hakusikia, lirudie kwa sauti.

Tata yako